Mayai Yamegeuka Meupe: Kutafuta Kasoro ya Mbegu za Dume, Kutoka Kwenye Trei Hadi Ndani ya Korodani

Trei nzima ya mayai ya samaki imegeuka meupe, na kila aliye karibu anamtazama dume. Pengine kosa ni lake. Lakini "mbegu mbaya" ni jibu la haraka mno. Mbegu ya samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, hupita vituo vingi kabla ya kufika kwenye yai: huundwa ndani ya kifuko kidogo cha seli, humwagwa kwenye mrija wa korodani, hushuka kwenye mfereji, hukamuliwa na mkono wako, kisha hukutana na maji, ambayo huiwasha na kuimaliza karibu kwa wakati mmoja. Kila kituo kina namna yake ya kuharibika. Hapa tutaanzia kwenye trei na kurudi nyuma, kwa sababu makosa ya karibu ndiyo mengi na ndiyo rahisi kurekebisha. Korodani yenyewe tutaifikia baadaye.

Mayai hayaendelei: je, ni dume kweli?

Usipasue samaki yeyote bado. Chukua mayai ya jike mmoja, yagawe mafungu mawili. Fungu la kwanza lipe manii ya dume unayemshuku, la pili manii ya dume mwingine ambaye hana historia mbaya. Kisha geuza mtihani: manii ya mshukiwa kwenye mayai ya jike wa pili. Mafungu yote mawili ya jike wa kwanza yakifa, na manii ya mshukiwa yakafanya kazi vizuri kwa jike wa pili, mwache dume apumzike. Shida ni mayai. Akishindwa kwa majike wote wawili huku mwenzake akifaulu, endelea kusoma.

Tena, rangi nyeupe peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Yai lililokosa mbegu linaweza kubaki ang'avu kwa saa nyingi kabla ya kuwa jeupe, na yai lililorutubishwa likafa njiani huwa jeupe vilevile. Ukitaka kujua, angalia mayai kwa hadubini mapema, wakati seli za kiinitete zinapogawanyika mbili, nne, nane kwa mpangilio. Yakiwa yamegawanyika hivyo kisha yakafa, mbegu zilifika. Hilo ni tatizo jingine, na tutalikuta chini.

Angalia pia mpangilio wa kazi mezani. Mbegu za samaki wengi wenye mifupa hazina akrosomu, yaani kile kikofia chenye vimeng'enya ambacho mbegu za mamalia hukitumia kupenya yai. Haziwezi kutoboa popote. Mlango ni mmoja, kitundu kiitwacho mikropili, na yai likishaguswa na maji mlango huo haukai wazi kwa muda mrefu. Kwa hiyo ni mayai makavu, manii makavu juu yake, koroga taratibu, ndipo maji yaingie. Ukitanguliza maji kwenye mayai "ili yasishikane", umefunga mlango kabla wageni hawajafika. Kwa kapi (samaki aitwaye carp kwa Kiingereza), wengi hutumia myeyusho wa gramu 4 za chumvi na gramu 3 za urea kwa lita moja ya maji badala ya maji matupu: mbegu hukaa hai zaidi kidogo, na mayai hayagandamani.

Manii yapo, lakini chini ya hadubini hayasogei

Hapa ndipo watu wengi huhukumu dume asiye na hatia. Jambo la kwanza la kujua: manii mazima, yaliyokamuliwa bila kuchanganywa na kitu, *yanatakiwa* yasisogee. Yakiwa ndani ya dume mbegu hulala. Kinachozilaza kwa kapi na kambare ni mkolezo wa chumvi wa ute unaozizunguka. Kwa trauti na jamaa zake potasiamu nayo huzizuia. Maji baridi yanapoingia mkolezo huo huporomoka ghafla, na mkia huanza kupiga. Basi ukiweka tone la manii kwenye slaidi ukakuta kimya, hujaona kasoro yoyote. Umeona mbegu zilizolala.

Swali ni je, zikipewa maji zinaamka? Na unalo dirisha dogo sana la kuangalia. Mbegu za trauti huogelea kwa takriban nusu dakika. Za kapi ni karibu dakika moja, na ile kasi ya kweli huisha mapema zaidi. Za perege huvumilia dakika kadhaa. Ukiongeza maji, ukafunika kioo, ukatafuta umakini wa lenzi, ukapangusa miwani, utakuta makaburi. Lenga lenzi kwanza kwenye tone la manii makavu, ndipo uongeze maji huku jicho liko tayari.

Kama baada ya hapo bado hakuna mwendo, pitia sababu hizi kwa mpangilio huu.

Zilishaamka kabla hujazitazama. Hii ndiyo sababu ninayoishuku kwanza kila mara. Tumbo la dume halikukaushwa, mkono ulikuwa na maji, sirinji ilisuuzwa ikabaki na matone. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikiwalaumu madume watatu, kumbe sirinji zote zilikuwa zimeoshwa dakika chache kabla. Mwizi mwingine ni mkojo. Samaki wa maji baridi hukojoa mkojo mwingi na mwepesi, kwa kuwa maji huingia mwilini mwake muda wote na lazima yatolewe. Mfereji wa mkojo na wa manii hutokea karibu karibu, na ukibana tumbo kwa nguvu kibofu nacho hujibu. Mkojo huo ni mwepesi wa kutosha kuziwasha mbegu. Dalili yake: manii ni mepesi, hayana ule weupe mzito wa maziwa, na kabla hujaongeza maji tayari unaona mbegu zinazotetemeka mahali. Dawa yake ni kubana kibofu kwanza na kutupa matone ya mwanzo, kukausha eneo lote, kisha kukamua kwenye chombo kikavu, kila dume chombo chake.

Hazikupata maji ya kutosha. Manii ya kapi yana mbegu mabilioni kwa kila mililita. Tone nene likiwekwa maji kidogo, ni ukingo tu unaochanganyika; katikati mbegu zinaendelea kulala, nawe unaandika "zinazosogea ni asilimia 10". Yachanganye kwanza na myeyusho usioziamsha, mara 50 au 100, ndipo uchukue tone dogo na kuliwasha. Kwa kapi na kambare chumvi ya mezani gramu 9 kwa lita hufaa kwa hatua hiyo ya kwanza. Na hakikisha hukutumia myeyusho uleule kuziwasha! Ni kosa la kijinga, lakini chupa mbili zisizo na maandishi zinafanana.

Zimenata kwenye kioo. Vichwa vimeshika, mikia inapiga. Hizo ni hai. Albumini kidogo (protini kama ile ya ute wa yai) kwenye maji ya kuwashia huondoa tatizo.

Zilihifadhiwa vibaya. Mbegu hupumua hata zikiwa zimelala. Ukijaza tyubu hadi juu na kuifunga, za chini hukosa hewa. Zitandaze tabaka jembamba kwenye chombo kipana, funika bila kukaza, weka kwenye nyuzi 4 hivi, mbali na ukuta wa friji unaogandisha.

Ukishaondoa yote hayo na mbegu bado hazisogei, sasa una haki ya kumshuku dume. Zitazame zilizokufa kwa makini. Kuna mikia iliyokatika au kujikunja? Kuna seli za duara zisizo na mkia? Usichanganye na damu: chembe nyekundu za samaki zina umbo la yai na kiini katikati, na tone la damu lililoponyoka wakati wa kukamua linaweza kukudanganya kabisa. Zikiwa si damu, huenda ni spematidi, yaani mbegu ambazo hazijamaliza kuundwa, zimetolewa kabla ya wakati. Katika samaki wengi hilo ni ishara kwamba vifuko vya korodani vimepasuka mapema. Lakini zipo spishi, hasa miongoni mwa jamaa za kambare, ambazo kwa kawaida huachilia spematidi kwenye mrija na kuzimalizia huko. Kwa hao seli za duara si ugonjwa. Jua samaki wako ni yupi kabla ya kuandika jibu.

Dume hatoi manii kabisa, au ni tone tu

Kama ni kambare wa Afrika, *Clarias gariepinus*, acha kumbana. Hakamuliki. Huchinjwa, korodani zikatolewa, zikakatwakatwa na kukamuliwa. Nimeona mtu akimkandamiza kambare mzima hadi akamwumiza ndani. Dume alikuwa mzima na korodani zilikuwa zimejaa.

Kwa wanaokamulika, hatuna budi kuingia ndani sasa.

Korodani ya samaki haijapangwa kama ya mamalia. Kwa mamalia seli za Sertoli, yaani seli zinazolea mbegu, husimama kama nguzo kwenye ukuta wa mrija, na kila moja hulea seli za vizazi tofauti kwa wakati mmoja. Kwa samaki seli moja mama, spematogonia, huzungukwa na seli za Sertoli zinazoitenga na wenzake, na hapo kifuko kinaanza. Mama hugawanyika, watoto hugawanyika, wote wakiwa bado wameunganishwa kwa madaraja membamba ya saitoplazimu, yaani ute wa ndani ya seli, kwa hiyo kifuko kizima kina umri mmoja na hupiga hatua pamoja. Kwa *Danio rerio*, samaki mdogo anayependwa maabara, migawanyiko hiyo ya mwanzo hufika mara tisa. Piga hesabu: seli moja imekuwa 512. Kila moja hupitia meiosisi, yaani mgawanyiko unaopunguza kromosomu kuwa nusu, na kutoa nne, 2048 kwenye karatasi. Kwa kweli baadhi hufa njiani. Seli za Sertoli nazo huongezeka kifuko kinapokua, ndiyo maana korodani ya samaki mzima inaweza kuvimba msimu wa kuzaliana na kunywea baadaye, jambo ambalo mamalia wengi hawaliwezi kwa kiwango hicho. Mwishoni kifuko hupasuka na mbegu humwagika kwenye uwazi wa mrija. Nje ya mirija, kati ya mmoja na mwingine, kuna seli za Leydig, ambazo hutoa 11-ketotestosteroni, homoni kuu ya kiume ya samaki.

Kwa nini nimekupitisha huko? Kwa sababu ya muda. Kutoka mwanzo wa meiosisi hadi mbegu kamili, *Danio* huhitaji siku 6 hivi kwenye nyuzi 28. Perege wa Nile huhitaji siku 10 au 11 kwenye nyuzi 25, na maji yakipoa kazi hiyo hurefuka. Hita ikizimika wiki nzima, unaweza kukamua manii mazuri wiki hiyohiyo, kwa sababu unachokamua ni akiba iliyokwisha kumwagwa kwenye mirija. Upungufu unajitokeza baadaye, wakati hita imeshatengenezwa na kila mtu ameisahau. Dume akikauka leo, usiulize kilichotokea jana. Rudi kwenye daftari la joto, majuma mawili matatu nyuma.

Joto kali kupita kiasi ni baya zaidi kuliko ubaridi. Ubaridi huchelewesha, joto kali la muda mrefu huua seli za mbegu, na zikifa hadi zile seli mama, hakuna wa kuanzisha vifuko vipya.

Sababu nyingine za ukavu hazihitaji maelezo marefu. Dume ni mchanga. Msimu haujafika, kwa spishi zinazofuata msimu. Amekamuliwa mara nyingi mno bila kupumzishwa. Lishe ni duni. Vitamini C hasa, kwa kuwa hulinda mbegu zisiharibiwe na oksijeni kali, na trauti walionyimwa vitamini hiyo walionekana kupungukiwa uwezo wa kurutubisha.

Moja ninalitaja kwa kirefu kidogo kwa sababu hupuuzwa: cheo. Katika samaki wanaopigania himaya, dume mnyonge hunywea hadi kwenye korodani. Mfano uliochunguzwa sana ni *Astatotilapia burtoni* wa Ziwa Tanganyika. Dume asiye na himaya huwa na rangi iliyofifia na korodani ndogo. Ukimwondoa mbabe, mnyonge hupanda cheo, rangi humwakia upesi, kisha seli za ubongo zinazotoa GnRH, homoni inayoamsha mfumo wa uzazi, hukua na korodani humfuata. Kama perege wako watano wapo tangi moja na mmoja tu anatoa manii, huenda hao wanne si wagonjwa. Watenge, kila mmoja na sehemu yake, uwape wiki kadhaa.

Na kama dume amejaa lakini haachilii? Bonyeza tumbo, tone dogo zito kama dawa ya meno. Mbegu zipo, ila ute haujaongezeka wa kuzibeba. Hii ni kazi ya homoni ya LH kutoka tezi ya pituitari na homoni za kundi la projestini zinazofuata. Sindano ya dondoo ya pituitari, au ya GnRH pamoja na kizuia dopamini (kemikali ya ubongo inayobana utoaji wa LH), hurekebisha hilo. Madume kwa kawaida hupewa dozi ndogo kuliko majike, mara nyingi nusu. Lakini sindano humwaga kilichokwisha kuundwa. Kwa korodani tupu haifanyi lolote, na kuirudia kila siku ni kumtesa samaki.

Korodani imejaa, mfereji haupo

Hii huwapata wanaotumia madume waliobadilishwa jinsia. Trauti jike kijenetiki aliyepewa homoni za kiume akiwa kifaranga hukua na korodani nzuri kabisa, lakini mara nyingi bila mfereji wa kutolea. Hutapata hata tone. Mchinje, toa korodani, zikate kwenye myeyusho. Tahadhari: mbegu za jamii ya trauti zikitolewa moja kwa moja korodanini hazijaiva, kwa kuwa uwezo wa kuogelea huzikuta kwenye mfereji. Zikikaa kwanza kwenye myeyusho wenye bikaboneti na pH ya karibu 8, huupata. Asiyelijua hili huzitia maji, huziona zimekufa, na kutupa kazi ya miaka miwili kwenye ndoo.

Umepasua na kukata vipande: unachoona kina maana gani?

Anza kwa macho. Korodani nene, nyeupe kama maziwa, inafanya kazi. Nyembamba na ang'avu kama uzi imelala au ni changa. Pima uzito wake, gawanya kwa uzito wa mwili, zidisha kwa 100, uandike. Namba hiyo ina maana ukilinganisha na madume wenzake wa spishi na msimu uleule tu.

Kisha slaidi. Kosa la kwanza ni la maabara, si la samaki. Korodani huoza haraka. Kipande kinene hubaki kibichi katikati hata kikiwa ndani ya dawa ya kuhifadhi tishu. Ukiona viini vilivyofifia, mipaka ya seli imeyeyuka, na uharibifu umezidi katikati kuliko ukingoni, umechelewa wewe. Nafasi nyeupe zenye kingo kali zinazozunguka vifuko vyote sawasawa ni kunywea kwa tishu ndani ya alikoholi. Kata vipande vya milimita chache, vitie kwenye dawa ya Bouin mara tu samaki anapokufa, na visizidi siku moja humo.

Kosa la pili ni mahali pa kukata. Kwa kapi na trauti, spematogonia husambaa kando ya mrija wote. Kwa *Poecilia reticulata* (gapi, samaki mdogo wa mapambo) na jamaa zake hukaa kwenye ncha ya mrija tu, chini ya ngozi ya korodani, na vifuko husogea kuelekea katikati vinapokomaa. Ukikata katikati ya korodani ya samaki huyo utaandika "hana seli mama" wakati anazo tele ukingoni.

Baada ya hapo, soma picha kwa kuuliza mstari umekatika wapi. Spematogonia ndizo kubwa, zikiwa peke yake au chache, kiini kikubwa chenye kiinidogo kinachoonekana wazi. Zikiwa hizo tu, hakuna kingine, dume hajaanza au amerudi mapumzikoni. Homoni, joto na umri ndivyo vya kuchunguza. Mirija iliyotanuka na kujaa mbegu huku kuta hazina vifuko vipya ni dume wa mwisho wa msimu: leo atakupa manii mengi, kisha basi. Spematositi (seli zilizo katikati ya meiosisi) nyingi mno na mbegu chache, au spematidi zenye ukubwa usiolingana, elekeza shaka kwenye kromosomu. Samaki wenye seti tatu za kromosomu na baadhi ya machotara hukwama hapohapo, kwa kuwa kwenye meiosisi kromosomu hazipati wenza. Huyo hatibiki kwa chakula wala sindano.

Ukikuta mayai machanga ndani ya tishu ya korodani, angalia maji. Nchini Uingereza hali hiyo ilionekana miaka ya 1990 kwa samaki aina ya *Rutilus rutilus* kwenye mito inayopokea maji ya mifumo ya majitaka, na ikahusishwa na homoni za kike zinazopita mitambo ya kusafishia. Kanada walifanya jaribio kubwa zaidi: kuanzia 2001 waliweka estrojeni ya vidonge vya uzazi kwenye ziwa zima, kwa kiwango kidogo sana, nanogramu 5 au 6 kwa lita. Mayai yalionekana ndani ya korodani za samaki wadogo waitwao *Pimephales promelas*, na samaki hao wakakaribia kutoweka ziwani.

Mbegu zinaogelea vizuri, mayai yanagawanyika, vifaranga wanakufa

Mwendo hupima mkia na mitokondria, yaani vinu vya nishati vya mbegu. Hauoni kilichomo kichwani. Ushahidi mzuri ni mbinu inayotumiwa makusudi kupata samaki wenye urithi wa mama peke yake: manii huangaziwa mwanga wa urujuanimno hadi DNA yake inaharibika, na bado mbegu huogelea, huingia, huamsha yai. Bila hatua ya pili ya kurudisha seti ya kromosomu za mama, vifaranga hutoka na seti moja tu, wamepinda, na hufa. Kwa hiyo kama vifaranga wako wote wa dume mmoja wanapinda mgongo na kufa wakati wa kuanguliwa au muda mfupi baadaye, usiridhike na asilimia 90 ya mbegu zinazoogelea uliyoona kwenye hadubini. Uliza manii yalikaa wapi: yaliachwa juani, yalihifadhiwa siku nyingi, yalitoka kwa dume aliyekaa na akiba ya zamani kwenye mirija? Kwa huyo wa mwisho, kamua na umwage mara moja, mpumzishe kwenye joto lake la kawaida kwa muda unaozidi ule wa kuunda mbegu mpya, ukamue tena na kurudia mtihani wa mafungu mawili.